Hospitali ya Panzi: Kazi ya Kanisa Pembeni ya Mji

Masomo ya kusoma nyumbani: Luka 10:25-37, Luka 8:43-48, 2 Timoteo 2:2



Katika makanisa yetu ya Mugunga kuna swali moja ambalo haliishi. Mgonjwa akianguka nyumbani usiku, tumpeleke kwanza kwa chumba cha maombi ao hospitali? Wengine wanasema anayekimbilia hospitali imani yake imepungua. Wengine wanasema maombi ni ya Jumapili, ugonjwa ni mambo ya daktari. Wamama wawili wa familia moja wanaweza kukosana juu ya jambo hilo mbele ya mtoto mwenye homa, na wakati wanabishana mtoto anazidi kuwaka.

Leo hatutalijibu swali hilo kwa mabishano, tutalijibu kwa historia. Ng'ambo ya pili ya ziwa letu la Kivu kuna hospitali iliyozaliwa ndani ya kanisa la Kipentekoste. Aliyeianzisha ni mwana wa pasta wa Kipentekoste, na kila mwaka vijana wanajifunza udaktari humo. Ni hospitali ya Panzi, Bukavu. Dunia yote imesikia jina lake. Lakini wengi wetu tunaijua kama habari ya redio tu, hatujui kwamba ni tunda la watu wanaoomba kama sisi, wanaonena kwa lugha kama sisi, na wanaotoa sadaka ya franka kidogo kidogo kama sisi.

Baba aliomba, mtoto akauliza

Denis Mukwege alizaliwa Bukavu tarehe 1 Machi 1955, mtoto wa tatu kati ya watoto tisa. Alipokuwa mchanga kabisa kitovu chake kilipata uchafu, na ugonjwa ukaingia mwilini. Misionere mmoja mwanamke kutoka Swedeni ndiye aliyehangaika huku na huku mpaka mtoto akapata dawa na kupona. Kwa hiyo hata kabla ya kujua kusema, mtoto huyu alikuwa ameokolewa na watu wa Mungu waliojua njia ya kwenda kwa zahanati.

Baba yake alikuwa pasta. Siku moja, mtoto akiwa na umri wa miaka minane hivi, alimfuata baba kumtembelea mtoto mwingine aliyekuwa mgonjwa sana. Baba aliomba, kisha wakaondoka. Njiani mtoto akauliza: mimi nikiwa mgonjwa unaniombea, tena unanipa dawa, mbona huyu umemwombea tu? Baba akamweleza kwamba yeye si daktari. Kazi yake ni kuomba. Kutoa dawa ni kazi ya wale waliojifunza. Mtoto akaamua siku hiyo: baba ataomba, mimi nitatoa dawa.

Tuangalie vizuri jibu la baba huyo. Hakumwambia mtoto kwamba dawa ni ukosefu wa imani. Hakumwambia pia kwamba maombi ni kupoteza wakati. Alikubali kwamba kazi ya Mungu kwa mgonjwa ina mikono mingi, na mkono wake yeye ulikuwa mmoja tu. Kutokubali kuwa daktari wa uongo, hiyo nayo ni imani. Kama pasta yule angelijibu kwa kiburi siku ile, pengine Panzi isingelikuwapo.

Lemera, pale milimani

Wamisionere Wapentekoste wa Swedeni walifika upande wa Uvira mwaka 1921. Kutokana na kazi yao lilikua kanisa ambalo leo tunaliita 8ème CEPAC, jumuiya ya nane katika Kanisa la Kristo katika Kongo. Desturi ya wamisionere wale ilikuwa kwamba kanisa halijengwi peke yake. Kando ya kanisa panajengwa shule, na kando ya shule panajengwa zahanati. Pale Lemera, kwenye milima inayotazama bonde la Ruzizi, kulikuwa na hospitali iliyotumikia watu wa vijiji vya mbali.

Mukwege alijifunza udaktari Burundi, na mwaka 1983 akaanza kazi Lemera. Alifikiri atakuwa daktari wa watoto. Lakini huko aliona jambo lililomgeuza moyo. Wamama walifika wakiwa wamebebwa kwa kipoyi, baada ya kutembezwa milimani kwa masaa mengi, damu ikitoka, mtoto amefia tumboni. Wengine walifika wakiwa wamechelewa. Wengine walipona, lakini mwili ulibaki umeharibika. Mwaka 1984 alikwenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake na uzazi. Alimaliza mwaka 1989. Angeweza kubaki kule kwa mshahara mzuri; akarudi Lemera. Hapo hakuridhika kupasua peke yake. Alifundisha wauguzi na wakunga, ili mama wa kijijini asaidiwe kabla ya kuhitaji kipoyi.

Kisha vita ikaja. Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha walishambulia Lemera. Zaidi ya watu 30 waliuawa, kati yao wagonjwa waliokuwa wamelala vitandani, pamoja na wauguzi waliowahudumia. Daktari mwenyewe hakuwapo siku ile. Alikuwa ameondoka kumsindikiza mfanyakazi mwenzake aliyekuwa mgonjwa. Aliyafanya makao yake kwa muda katika nchi nyingine, kisha akarudi. Wandugu, sisi wa Mugunga hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kurudi mahali ambapo rafiki zako wameuawa. Tunajua uzito wake.

Mahema, uporaji, na mlango wa 1999

Aliporudi Bukavu, mpango wake ulikuwa mdogo na wa wazi: wamama wa pembeni ya mji wapate mahali pa kuzalia salama. Panzi iko upande wa kusini wa Bukavu, katika komuni ya Ibanda. Ni kartie ya watu wa kawaida, na iliendelea kujaa watu waliokimbia vita vijijini. Mama wa Panzi akipata shida ya uzazi usiku, katikati ya mji ni mbali, usalama hakuna, pesa ya gari haipo. Kazi ilianza kwa mahema. Mwaka 1998 vita ya pili ikaanza, na vifaa vyote vikaporwa. Ilibidi kuanza tena.

Mwaka 1999, kwa msaada wa kanisa la CEPAC na wa ndugu Wapentekoste wa Swedeni, hospitali ya Panzi ilifungua milango. Ilitayarishwa kwa ajili ya kuzaa. Lakini mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa mama aliyebakwa na watu wenye silaha, kisha wakampiga risasi sehemu zake za siri. Daktari alifikiri ni tendo la mwenda wazimu mmoja. Miezi michache baadaye walikuwa wamekuja makumi ya wamama wenye habari ileile. Ndipo akaelewa kwamba ubakaji ulikuwa umefanywa kuwa silaha ya vita, silaha isiyohitaji kununuliwa, inayovunja mama, mume, watoto na kijiji chote kwa siku moja.

Hapo kanisa lilikuwa na njia mbili. Lingeweza kusema: sisi tulijenga nyumba ya kuzalia, mambo hayo ya aibu yapelekwe kwingine. Au lingeweza kufungua mlango zaidi. Lilifungua mlango. Tangu siku hiyo mpaka leo, makumi ya maelfu ya wanawake na wasichana waliobakwa wametibiwa Panzi.

Kazi inayofanyika ndani

Wengi wanafikiri Panzi ni hospitali ya wamama waliobakwa tu. Sivyo. Ni hospitali kubwa ya rufaa ya eneo la afya la Ibanda, yenye karibu vitanda 450. Ina idara nne kubwa: uzazi na magonjwa ya wanawake, watoto, upasuaji, na magonjwa ya ndani. Mzee mwenye kisukari anapokelewa. Mtoto mwenye utapiamlo anapokelewa. Motari aliyevunjika mguu kwa ajali anapokelewa. Mama wa Panzi anazaa pale kama alivyokusudiwa tangu mwanzo.

Lakini kuna huduma mbili ambazo zimeifanya ijulikane, na ni vizuri tuzielewe.

Ya kwanza ni matibabu ya fistula. Fistula ni tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu, ao kati ya njia ya uzazi na utumbo mkubwa. Mara nyingi inatokana na uchungu wa kuzaa wa siku mbili ao tatu. Kichwa cha mtoto kinabana nyama laini za mama kwenye mifupa, damu haifiki, nyama inakufa, na baada ya siku chache tundu linatokea. Inaweza pia kutokana na ubakaji wa kikatili. Mkojo unatoka bila kukoma, mchana na usiku. Mama ananuka, anajificha, mume anaondoka, na hata kanisani anakaa kwa benchi la mwisho karibu na mlango, kisha siku moja haji tena. Jambo la furaha ni hili: fistula nyingi zinashonwa na kufungwa kwa upasuaji. Mukwege amefanya kazi hiyo miaka mingi, na mwaka 2015 alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika chuo kikuu cha Bruxelles kwa utafiti wake juu ya fistula hizi za mashariki ya Kongo.

Ya pili ni namna ya kumshika mtu mzima, si jeraha lake tu. Panzi iliona kwamba mama anashonwa, anapona, anarudi kijijini, na baada ya miezi anarudishwa amebakwa tena. Ao amepona mwili lakini halali usingizi. Ao hana nyumba ya kurudia. Basi wakaweka nguzo nne mahali pamoja. Nguzo ya kwanza ni tiba ya mwili. Ya pili ni tiba ya moyo na akili, kwa mazungumzo na washauri. Ya tatu ni msaada wa kisheria kwa anayetaka kupeleka kesi mbele ya haki. Ya nne ni kumsaidia kusimama tena: kujua kusoma, kujifunza ushonaji ao biashara ndogo, kumrudisha mtoto shuleni. Shirika la Panzi lilianzishwa mwaka 2008 kubeba sehemu ya kazi hiyo, na mwaka 2011 ilifunguliwa Bukavu nyumba iitwayo Mji wa Furaha, ambamo wanawake wanakaa kwa miezi wakijifunza kuwa viongozi.

Msomaji wa Luka 10 atatambua jambo hilo mara moja. Msamaria hakumaliza kazi yake kwa kumimina mafuta na divai juu ya jeraha. Alimpandisha mnyama wake, alimpeleka kwa nyumba ya wageni, alikesha naye, alilipa, na akaahidi kurudi kulipa yaliyobaki. Nguzo zile nne si maneno ya wazungu. Zimo katika mfano wa Bwana wetu.

Hospitali inayofundisha

Mjini Bukavu kuna chuo kikuu cha Kiprotestanti kiitwacho Université Évangélique en Afrique, ao UEA, kilichoanzishwa mwaka 1991. Wanafunzi wake wa udaktari wanajifunzia Panzi. Asubuhi daktari mkubwa anapita kitanda kwa kitanda, nyuma yake wanafunzi wenye makoti meupe wakiwa na madaftari. Mmoja anaeleza habari ya mgonjwa, mwingine anaulizwa dalili, wa tatu anaulizwa dawa na kipimo chake. Anayekosea anasahihishwa hapohapo. Vijana wa staji wanakesha zamu ya usiku na wanajifunza kupokea mtoto, kushona, kusoma karatasi za maabara, na kumwambia mtu habari mbaya kwa upole.

Kuna ndugu wanaolalamika: mbona wanafunzi wengi wanamwangalia mgonjwa wangu, wamemfanya kitabu? Malalamiko hayo yana haki yake. Mgonjwa anastahili kufunikwa vizuri, kuulizwa kama anakubali, na kuambiwa nani ni mwanafunzi na nani ni daktari. Lakini tufikiri upande wa pili. Kila daktari aliyekushona wewe alimshona mtu mwingine mara ya kwanza, mwalimu akiwa amesimama kando yake. Hospitali isiyofundisha inakufa pamoja na daktari wake. Siku anapozeeka, ao anapokimbia vita, ao anapokwenda Ulaya, wagonjwa wanabaki na majengo tu.

Mtume Paulo aliandika juu ya jambo hilo kwa Timoteo: yale uliyoyasikia kwangu, uyaweke kwa watu waaminifu ambao nao wataweza kuwafundisha wengine. Ukihesabu, hapo kuna vizazi vinne vya wanafunzi katika mstari mmoja. Sisi tunautumia mstari huo kwa wahubiri. Panzi imeutumia kwa mikono inayopasua na kushona. Daktari mmoja akishona fistula peke yake, anaponya wamama wa siku hiyo. Akifundisha vijana kumi, na kila mmoja akaenda kwa hospitali ya mbali, mama wa Shabunda ao wa Fizi hatahitaji tena kusafiri wiki nzima.

Panzi si ya kwanza katika desturi hiyo. Huko Ituri, mwaka 1966, misioni kadhaa za Kiprotestanti ziliunganisha nguvu zao kuanzisha kituo cha matibabu cha Nyankunde, ambacho kiliponya na kufundisha wauguzi pamoja. Kilishambuliwa Septemba 2002, watu wengi wakauawa, lakini wauguzi waliofundishwa pale walikuwa wameshatawanyika nchi nzima. Majengo yanaporwa. Mafundisho yaliyomo kichwani hayaporwi.

Na sisi wa upande huu wa ziwa?

Mugunga inafanana na Panzi kuliko tunavyofikiri. Sisi pia tuko pembeni ya mji, kwenye njia ya Sake, juu ya mawe ya volkano. Sisi pia tumepokea waliokimbia. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu katika majuma machache. Kambi ya Mugunga ilikuwa mojawapo ya makubwa. Baadaye zikaja kambi za wandugu zetu wa Masisi na Rutshuru. Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert, na watoto walikuwa kati ya waliokufa. Majeruhi walikimbizwa Ndosho, kwa hospitali ya kanisa la Baptisti la CBCA, ambako madaktari wa upasuaji wanafanya kazi kwa msaada wa Msalaba Mwekundu.

Na Goma ina hospitali yake ya kufundishia iliyotoka katika imani. Mwaka 2000 daktari wa mifupa Jo Lusi na mke wake Lyn, Mwingereza aliyekuja Kongo kama misionere mwalimu, walianzisha kazi ya kuwafundisha madaktari vijana wa Kongo, iliyoitwa DOCS. Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikateremka mpaka katikati ya mji na kuiharibu hospitali yao. Wakajenga tena. Leo tunaiita HEAL Africa. Mama Lyn alifariki mwaka 2012, lakini waliofundishwa pale wanaendelea kuponya.

Basi swali letu la mwanzo, maombi ao hospitali, lina jibu katika historia ya Goma yenyewe. Julai 2019, wakati Ebola ilikuwa ikiua watu Beni na Butembo, mtumishi mmoja wa Mungu alisafiri kwa basi kutoka Butembo mpaka Goma akiwa mgonjwa. Huko alikotoka alikuwa akihubiri na kuwagusa wagonjwa. Alipofika kwa kituo cha afya, wauguzi walizitambua dalili upesi, na waliokaribiana naye walitafutwa na kupewa chanjo. Yeye alifariki. Ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 2,200 katika jimbo letu na Ituri, lakini ndani ya mji wa Goma walipatikana wagonjwa wanne tu. Mji wenye watu wengi namna hii uliokolewa, na Mungu alitumia macho ya muuguzi aliyefundishwa vizuri. Nani atasema hayo si majibu ya maombi yetu?

Mananasi na vitunguu vya Idjwi

Kuna sehemu moja ya historia hii ambayo kila mama wa kanisa anapaswa kuijua. Tarehe 25 Oktoba 2012, mwezi mmoja baada ya Mukwege kusema wazi mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya uovu unaofanyika huku, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake Bukavu. Walitaka kumwua. Mfanyakazi wake, rafiki wa miaka mingi, alijitupa katikati na akauawa. Daktari akaponyoka, akaenda Ulaya pamoja na familia yake. Huko alikuwa salama. Wengi walidhani hatarudi.

Wamama wa kisiwa cha Idjwi, wagonjwa wake na jamaa zao, wengi wakiishi kwa pungufu ya dolari moja kwa siku, walianza kuuza mananasi na vitunguu ili wapate pesa ya tiketi yake ya ndege. Januari 2013 alirudi, na njia ya kutoka uwanja wa ndege ilijaa watu.

Tuwatazame wale wamama. Hawakuwa na ulinzi wa kumpa. Hawakuwa na jumba la kumweka. Walikuwa na kikapu. Lakini walielewa kwamba hospitali si mali ya daktari, wala ya wafadhili wa ng'ambo. Ni yao, na mali yako unailipia. Tarehe 5 Oktoba 2018, ilipotangazwa kwamba amepata tuzo ya amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad wa Irak, alikuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Dunia ilimpa tuzo ya dhahabu. Wamama wa Idjwi walikuwa wamemtangulia kwa tuzo ya vitunguu.

Neno gumu kwa kanisa

Wapendwa, hospitali ya kanisa inaweza kushona mwili wa mama, lakini kanisa lenyewe linaweza kumpasua tena Jumapili inayofuata. Ndiyo sababu Mukwege, ambaye mwenyewe ni pasta, amezunguka akiwaambia viongozi wa makanisa wasinyamaze. Mwaka 2017 alisema nao Windhoek, Namibia, katika mkutano mkuu wa Walutheri wa dunia.

Tunajua yanayofanyika. Msichana amebakwa njiani akitafuta kuni upande wa mbuga. Familia inaficha. Ikijulikana, anaondolewa kwa kwaya. Mama amebakwa, mume anashauriwa amwache kwa sababu amenajisika. Mtoto amezaliwa, anapewa jina la uchungu na hakuna anayemletea nguo. Na yule aliyefanya uovu, akiwa ni mtu wa karibu, anakuja kanisani, familia zinapatana kwa mbuzi, mambo yamekwisha. Hayo si kulinda jina la Bwana. Ni kumwacha aliyeanguka kwa wanyang'anyi akilala njiani, na sisi tunapita ng'ambo tukienda ibada, kama kuhani na Mlawi.

Yule mwanamke wa Luka 8 alitokwa damu miaka kumi na miwili. Kwa sheria ya wakati ule alihesabiwa najisi, na alimgusa Bwana kwa siri. Bwana hakumwacha aondoke kwa siri. Alisimama, akamtafuta, na mbele ya umati wote akamwita binti. Alimponya ugonjwa, na akamponya aibu. Aliyebakwa hana dhambi ya kutubu kwa ajili ya kubakwa. Neno hili lihubiriwe wazi katika kila kanisa la Mugunga.

Mambo manne ya kufanya

Historia ikibaki katika karatasi haina faida. Tunapendekeza mambo manne kwa kila kanisa na kila seli ya maombi.

La kwanza, tujue masaa 72. Aliyebakwa akifika kwa kituo cha afya kabla ya masaa 72 kupita, anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, pamoja na matibabu mengine. Kadiri anavyowahi ndivyo dawa zinavyofanya kazi vizuri. Na hata yakiwa yamepita, aende. Bado kuna msaada. Viongozi wa wamama wamsindikize siku hiyohiyo, waombe naye njiani, wasimweke kwanza siku tatu za kufunga.

La pili, kila mama mwenye mimba katika kanisa aanze kliniki mapema na azalie mahali palipo na mkunga aliyefundishwa. Uchungu ukipita usiku mmoja bila mtoto kutokea, asiachwe mpaka usiku wa pili. Fistula inazaliwa katika kungoja.

La tatu, mama anayetokwa mkojo ao choo bila kujizuia asifichwe. Haikuwa laana, na si pepo. Ni tundu linaloweza kushonwa. Mashemasi wamtafute kwa siri na upole, wamwambie kwamba kuna tiba, na wamsaidie kuuliza kwa hospitali ilivyo njia ya kuipata.

La nne, kanisa liwe na kikapu. Mgonjwa anaweza kupona kisha akashindwa kutoka hospitali sababu ya deni. Sanduku moja kwa mwezi kwa ajili ya wagonjwa, ao kujiunga pamoja katika mituele ya afya, kunaweza kumtoa mama yule na mtoto wake. Na kama kati ya vijana wetu kuna mwenye akili ya masomo na moyo wa huruma, tusimwambie utumishi ni kwa mimbari tu. Tumlipie masomo ya uuguzi ao ya udaktari kama tunavyomlipia anayekwenda shule ya Biblia, na siku anapoondoka tumwekee mikono.

Pasta yule wa Bukavu aliomba kwa ajili ya mtoto mgonjwa, na Mungu akajibu kwa njia ambayo yeye hakuifikiria: akamfanya mwanawe mwenyewe kuwa sehemu ya jibu. Nani anajua ni mtoto gani wa Mugunga anayetufuata leo nyuma tunapokwenda kuombea wagonjwa, akituuliza maswali?

Tuombe. Ee Bwana, Mponyaji wetu, tunakushukuru kwa wale waliojenga Lemera na Panzi, na kwa wote waliouawa wakiwatumikia wagonjwa. Wape nguvu madaktari, wauguzi, wakunga na wanafunzi wa Bukavu na Goma wanaofanya kazi katikati ya hofu. Wakumbuke wamama na wasichana waliojeruhiwa. Uwaondolee aibu ambayo si yao. Utupe sisi mikono ya kuinua, na mdomo usiohukumu. Utupe amani katika Kivu yetu. Katika jina la Yesu. Amina.